Mama mkwe anakuja Dodoma, nimpeleke wapi akaone mvinyo? Na hawa ndege wa uani kwangu nao nina swali lao

MkeWaNkuhungu
Wakuu habari za wikendi. Nina maswali mawili yameshikana mkia, mnivumilie maana ni marefu.

La kwanza, mwishoni mwa mwezi wa nane wakwe zangu wanakuja kututembelea kutoka Dar, wanapanda treni ya umeme, kwa hiyo usafiri wa kuja si tatizo. Tatizo ni wakishafika niwapeleke wapi. Dodoma kila mtu anakwambia zabibu zabibu, mvinyo mvinyo, na mimi nipo hapa tangu serikali ilipoanza kuhamia, zabibu za ndoo barabarani nanunua kila msimu, ila ndani ya kiwanda cha mvinyo sijawahi kukanyaga. Naona watu mitandaoni wanaenda Cape Town huko wanakaa chini ya miti na glasi na sahani ya jibini, mashamba yamenyooka mpaka mlimani. Je kwetu kuna kitu kama hicho? Unaingia tu au lazima uwe unamjua mtu? Baba mkwe anakunywa waini kidogo jioni, mama mkwe hagusi kabisa pombe ila ni mtu wa mashamba, ukimpa bustani umemmaliza.

La pili. Uani nina mzabibu mmoja nimeupandishia chanja ya mabomba, umetanda vizuri unatupa kivuli, asubuhi tunakunywa chai pale. Ndege ni wengi mno, na mimi nawapenda jamani, kelele zao saa kumi na mbili asubuhi ndo saa yangu ya kuamkia. Lakini zabibu zikianza tu kubadilika rangi wanazimaliza. Mume wangu anataka kufunga nyavu uani kote, mimi nasema tupande maua ya kuwavuta waende upande wa pili. Maua gani yanavumilia huu ukame wa Dodoma na upepo wa mwezi wa saba, halafu yawe yanaleta ndege? Naombeni ushauri, natanguliza shukrani.

Babu_wa_Pingili
Karibu binti. Mimi ni mkulima wa zabibu upande wa Hombolo, nikujibu kwa mpangilio wangu mwenyewe.

Kwanza kabisa mwezi wa nane mwishoni umepatia hasa, sijui kama ulipanga au ni Mungu tu. Hapa kwetu mzabibu haulali kama kule Ulaya ambako baridi inaukausha majani wote unangoja masika yao. Huku joto lipo mwaka mzima kwa hiyo mzabibu anayeuamsha ni wewe mwenye mkasi. Ukipogoa leo, baada ya miezi minne hivi na kidogo unachuma. Ndo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka, karibu Februari na Machi, na tena Agosti na Septemba. Ule wa Februari mvua inakuwa bado ipo, zabibu zinavimba maji, ukungu unashambulia, unapulizia dawa mpaka mgongo unauma. Huu wa Agosti ni kiangazi, usiku kabaridi mchana jua, sukari inapanda vizuri, na mwenye kiwanda akija na kile kipimo chake cha sukari unamwangalia usoni bila wasiwasi. Kwa hiyo wakwe wakija wakati huo watakuta watu wapo shambani wanachuma, kreti zinapakiwa, kiwandani mashine zinaunguruma. Ukiwaleta mwezi wa sita utaonyesha majani na matangi yaliyofungwa, basi.

Sasa kuhusu kuingia tu, hapana. Wengi wa hapa si watu wa utalii, ni wazalishaji. Hizo meza chini ya miti za Cape Town wao wana karne zaidi ya 3 wanafanya hiyo kazi, sisi zabibu zimeletwa na wamisionari wa Kikatoliki miaka ya 1950, wakianzia Bihawana pale barabara ya kwenda Iringa, walitaka divai ya misa. Kwa hiyo tuvumiliane. Unapiga simu siku kadhaa kabla, unasema tupo watu wanne tunataka kuona na kuonja na tutanunua chupa. Hilo neno la kununua chupa usilisahau, linafungua geti.

Kwa kwenda: upande wa Hombolo ndiko walipo CETAWICO, kiwanda cha mvinyo kilichoanza na Waitaliano, na njiani mashamba ya wakulima wadogo yapo kushoto kulia. Ukimaliza hapo bwawa la Hombolo lipo, mama mkwe akaone ndege wa majini. Upande wa kaskazini kuna Makutupora, kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI, ile taasisi ya utafiti wa kilimo, na ile mbegu nyekundu tunayolima wengi, Makutupora Red, jina lake ni la hapo hapo. Ukienda na barua au ukiongea nao vizuri wanakuonyesha aina mbalimbali, hiyo kwa mtu wa mashamba kama mama yako ni tamu kuliko kiwanda. Barabara ya Dar napo, Chamwino, kuna Chinangali II, shamba la ushirika kubwa la umwagiliaji wa matone, ukisimama mwanzo wa mstari huoni mwisho wake.

Ila usijaribu vyote siku moja. Chagua upande mmoja, toka asubuhi mapema, saa sita jua la Dodoma halina adabu kwa mgeni wa pwani.

Kuhusu ndege sina la kusema. Nyie mnawapenda, sisi tunawaamia.

kipara_wa_area_c
Hao ndege wanakula zabibu kabla hazijawa waini ili wasilipe ushuru. Wana akili kuliko sisi wote humu.

Kitalu_cha_Mama
Dada mimi nauza miche ya maua na matunda hapa mjini kwa hiyo swali lako la pili niachie mimi.

Watu wengi wakihamia Dodoma wanataka bustani ya Arusha. Wanapanda mawaridi na majani ya ukoka uani mzima, mwezi wa saba upepo ukipita na bomba likikata wiki moja bustani yote imekuwa rangi ya ugoro, halafu wanasema Dodoma haioti kitu. Inaota, ila ukubali ardhi ni ya kichanga na mvua ni kama miezi minne tu, Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo ni vumbi.

Cha kwanza panda alovera na shubiri za porini, zile zinazotoa shina refu lenye maua ya machungwa au njano. Hazitaki maji, na uzuri wake nyingi zinatoa maua wakati wa kiangazi hicho hicho ambacho vingine vyote vimenuna, kwa hiyo chozi wanazijua. Chozi si ndo vile vidogo vinang'aa, mdomo mrefu umepinda, wanafyonza maji matamu ya ua. Pandia karibu na dirisha maana wakizoea hawaogopi mtu. Haibiskasi nao wanaipenda ila hiyo inataka maji kiasi, mimi wateja wangu nawaambia wamwagie maji ya kusuuzia nguo, yale ya mwisho yasiyo na povu.

Bogenvilia panda kwenye ukuta, inavumilia kila kitu, ila ujue chozi hawataikimbilia sana, yale marangi yote ni majani tu, ua lenyewe ni kale keupe kadogo katikati. Faida yake ni miiba, ndege wadogo wanajenga viota humo paka hawafiki.

Deserti rozi ile yenye kitako kinene kama chupa ni nzuri mno na kiangazi inachanua mpaka unashangaa, lakini kama una watoto iweke juu. Utomvu wake ni sumu kweli kweli, Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wanaupaka kwenye mishale wanaangushia wanyama. Usikate matawi halafu ukafikiche macho.

Na chini ya kila shina mwaga maganda ya karanga, hapa si yapo tele, yanazuia udongo usikauke haraka. Mbolea ya kuku usizidishe, itaunguza.

Sema nikuambie ukweli, maua hayatawatoa ndege kwenye zabibu. Wanaokula zabibu sio wale wanaokula maua. Hapo naomba wataalamu waje.

Hondohondo_Dom
Nimeitwa nimekuja hehe.

Mama wa kitalu kasema jambo la msingi. Ndege wa uani kwako mgawe kwa midomo. Chozi anataka maua. Chiriku, shomoro na mnana wanataka mbegu, hawa ukiwawekea alizeti pembeni ya ukuta watashinda hapo. Wanaokumalizia zabibu ni wala matunda, na kwa Dodoma mimi ningeweka dau kwa hawa: kuzumburu, yule wa kijivu kahawia mwenye kishungi na mkia mrefu kuliko mwili, wanakuja kundi wananing'inia chini juu, shore, yule mwenye kichwa cheusi anayeimba asubuhi kabla ya wote, kwa hiyo dada huyo anayekuamsha saa kumi na mbili huenda ndo huyo huyo mwizi, na kwezi, wale wa bluu wenye tumbo la machungwa wanaotembea chini kama wana haraka ya ofisini. Watu wanapenda kuwasingizia kweleakwelea, ila wale kazi yao ni nafaka, mtama na uwele, zabibu sio shughuli yao.

Sasa wala matunda wengi kiangazi wanafuata maji kuliko hata njaa. Fikiria Agosti, visima vya msimu vimekauka, majani yamekauka, halafu uani kwako kuna mashada ya mipira imejaa maji matamu. Mimi ningekuwa kuzumburu ningehamia kwako na familia. Kwa hiyo weka maji. Sahani pana ya udongo, kina cha vidole viwili tu, weka jiwe katikati wapate pa kusimama, iwe juu ya stuli au kisiki na isiwe mbali na kichaka. Usiweke chini ya chanja ya zabibu, weka upande mwingine kabisa wa uani. Haitamaliza wizi, nakwambia wazi, ila itapunguza, na utaona ndege ambao hujawahi kuwaona. Hapa Dodoma tuna bahati ambayo watu wanapanda ndege kutoka nje kuja kuiona, wale kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cheusi, kola ya njano na duara jeupe kwenye jicho, asili yao ni Tanzania, wanakaa kwenye mashimo ya mibuyu. Wakipita kwako usiruhusu mtu awakamate auze, kukamata ndege pori bila kibali ni kosa, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ipo kwa ajili hiyo.

Nyavu: mwambie shemeji asifunge uani kote tafadhali. Nyavu legevu zenye matundu makubwa ndege ananasa shingo au mguu, anakufia pale pale mbele ya mama mkwe na chai yake. Kwa mzabibu mmoja wala huhitaji, vika mashada. Mfuko wa karatasi ya kaki, au kata chandarua chakavu ushone vifuko, unafunga juu kwenye kikonyo zabibu zikianza tu kulainika. Baadhi ya mashada uyaache wazi ni ya kwao.

Na mabaki ya ugali msitupe uani. Mkianza hivyo watakuja kunguru, wale wa shingo ya kijivu walioingia Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, wakishika uani wanakula mayai na makinda, hao chozi wako utawasikia kwenye stori tu.

Babu_wa_Pingili
Hondohondo nakuheshimu ila hapo kwenye "yaache wazi ni ya kwao" nimecheka peke yangu. Wewe una mzabibu mmoja wa kivuli. Mimi mwezi wa nane nalipa vijana wanashinda shambani toka alfajiri wanapiga debe na kurusha kombeo, na bado nikipita mstari wa pembeni nakuta mashada yametobolewa. Zabibu ikitobolewa moja nyuki na nyigu wanaingia, halafu shada zima linachacha likiwa mtini, kiwanda hakipokei. Kwa hiyo ndege hali zabibu tano, anaharibu shada.

Tena hayo maji unayomwambia aweke, jirani yake akiwa na shamba watamlaani.

Hondohondo_Dom
Mzee wangu wewe ukiamia una haki, shamba ni ada ya shule. Ila nikuulize, mistari inayoliwa sana si ni ile iliyo karibu na vichaka? Katikati ya shamba wanaogopa kwenda kwa sababu hawana pa kukimbilia kipanga akitokea. Na huyo kipanga akikuta mti mkavu mrefu shambani anatua, anakuamia bure. Sasa wengi wetu tukisafisha shamba tunaanza na kukata mti mkavu.

Babu_wa_Pingili
Hilo la mistari ya pembeni ni kweli. Mti mkavu ninao, nilikuwa nataka kuufanya kuni. Ngoja niuache tuone.

MkeWaNkuhungu
Yaani nimesoma yote na mume wangu nimemsomea pale kwenye kufia mbele ya mama mkwe, kakubali vifuko 😂 chandarua chakavu ninacho.

Maswali madogo. Maji ya wazi si nitafuga mbu? Na hayo maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni huwa nasikia kuna mabanda ya mvinyo, wakija mapema nisiwapeleke huko tu badala ya kuzunguka? Na kiwandani mama mkwe ambaye hanywi atafanya nini muda wote tunaonja?

Hondohondo_Dom
Mbu kutoka yai mpaka kuruka anahitaji wiki hivi. Ukimwaga kila asubuhi ukaweka mapya, hana muda. Na uisugue sahani kwa mchanga isishike ukijani, ndege nao wanaambukizana magonjwa kwenye chombo kichafu. Sabuni hapana.

Nzuguni_Kwetu
Nane Nane nenda, waini zipo nyingi kwa pamoja unaonja na kulinganisha mwenyewe na wenye chapa ndogo ndogo ambao viwandani kwao huwezi kufika unawakuta pale. Lakini ni vumbi na spika na watu, kwa mtu mzima anayetaka bustani utamchosha. Na wakija mwishoni mwa mwezi itakuwa imeshaisha.

Baba mkwe mwambie asiende na hukumu ya ile dompo ya zamani kichwani. Watu wa umri wake wakisikia mvinyo wa Dodoma wanakumbuka ule utamu mzito wa kuumiza kichwa na enzi za DOWICO, kile kiwanda cha mvinyo cha zamani. Siku hizi kuna nyekundu kavu za Makutupora na za Syrah, na nyeupe ya Chenin Blanc ambayo ukiipooza vizuri na samaki au kuku wa kienyeji unanyamaza kidogo. Aanze na nyeupe ndo aende nyekundu, akianza na nyekundu ulimi unakuwa umeshakauka nyeupe ataiona maji.

mwitu_naivasha
Salamu kutoka Kenya majirani. Hata sisi hatuko kama Cape Town, usijisikie vibaya. Naivasha kuna shamba la mizabibu pale Morendat, ndiko mvinyo wa Leleshwa unatengenezwa, na mambo ni yale yale, unapiga simu mapema, ukienda hivi hivi askari wa geti anakuangalia tu. Tofauti ni kwamba sisi tuko juu karibu mita 1,900 kwa hiyo usiku ni baridi kabisa, nyinyi mko chini zaidi na joto. Kitu nimependa kufanya huko ni asubuhi ziwani kuangalia ndege kwanza, wale furukombe wanalia asubuhi sijui kama mnao huko, halafu mvinyo baada ya lunch. Ukifanya kinyume, watu wakishaonja hakuna anayetaka tena kubeba darubini. Kwa hivyo hilo bwawa mzee alilotaja liwe la kwanza.

Babu_wa_Pingili
Huyo wa Naivasha kasema vizuri. Bwawani kwanza alfajiri, kisha shamba, kiwanda kiwe saa nne hivi.

Mama mkwe hatakaa bure. Wakati wa kuchuma kiwandani kuna mambo ya kuona kuliko ya kunywa. Kreti zinamwagwa kwenye mashine inayotenganisha vikonyo na zabibu na kuzipasua. Zile za mvinyo mweupe zinakamuliwa hapo hapo maganda yanatolewa, za mwekundu zinaachwa na maganda yake ndani ya tangi siku kadhaa maana rangi yote iko kwenye ganda, ukikamua zabibu nyekundu juisi yake karibu nyeupe, hilo mwonyeshe mwenyewe atashangaa. Maganda yanapanda juu yanakuwa kama kifuniko, watu wanayasukuma chini mara kwa mara. Ukilisikiliza tangi unasikia linachemka bila moto. Ila asiinamishe kichwa kwenye mdomo wa tangi linalochacha, ile hewa inayotoka inakata pumzi, ameanguka mtu mzima mwenye nguvu zake.

Kile kinachotoka hapo ndo tunakiita mchuzi wa zabibu, sio mvinyo bado, wakulima wengi tunauza hatua hiyo kwa wenye viwanda vikubwa kwa sababu zabibu zenyewe hazingoji, ukikosa mnunuzi siku tatu nne zimekufia kwenye kreti. Muulize mkulima yeyote utakayemkuta njiani kuhusu bei ya mchuzi, utapata stori mpaka jioni.

Halafu akipenda, aombe pingili. Wakipogoa pingili zinatupwa, mkulima hawezi kumnyima mgeni. Achukue urefu wa penseli mbili, zenye macho matatu manne, azifunge kwenye gazeti bichi. Pwani zabibu haifanyi vizuri sana kwa sababu ya unyevu, ukungu unaisumbua, ila kwa kivuli uani itampa. Sema pogoa hatakuta mwezi wa nane, hapo tunachuma, tunapogoa baadaye kidogo. Kwa hiyo hizo pingili utamtumia wewe mwezi wa kumi.

Kitalu_cha_Mama
Au aje kwangu nimpe mche wenye mizizi tayari, babu usiniharibie biashara 😅

Dada juisi ya zabibu ipo, uliza kiwandani kabla hamjaenda, na zabibu kavu za hapa hapa utazikuta sokoni Majengo. Kama anapenda kufanya mwenyewe nunua zabibu freshi kwa mkulima siku hiyo hiyo, osha, chemsha kwa moto mdogo mpaka zipasuke, chuja kwa kitambaa, hakuna haja ya sukari hizi za Agosti. Lakini uzichemshe usiku ule ule, maana ukiziacha kwenye ndoo jikoni mpaka kesho kutwa zitaanza kuchacha zenyewe na mama mkwe atakuwa anakunywa asichokinywa.

kipara_wa_area_c
Hapo ndo baba mkwe atasema juisi ya mke wake mwaka huu imetoka vizuri kuliko mwaka jana.